Sifa za Kinanda Bubu

Vyombo vinavyolia vimesifiwa vya kutosha. Zumari lina washairi wake, gambusi lina wazee wake, na hata vuvuzela lilipata wa kulitetea mwaka 2010. Asiye na mtetezi ni kinanda cha elektroniki, sintesaiza ya kujiundia mwenyewe juu ya chipu kuukuu: kimeungwa kwa subira, kimechomewa risasi pini moja moja, kimewashwa mbele ya watu walioitwa waje kusikiliza, taa nyekundu ikawaka, na spika isitoe hata mkoromo. Wageni wakamaliza chai yao, wakaaga. Hicho ndicho ninachokuja kukisifu.

Ukoo wake si haba. Chipu ya SID, namba 6581, ilibuniwa na Bob Yannes katika kampuni ya MOS Technology ya Pennsylvania, ikaingia sokoni mwaka 1982 ndani ya kompyuta ya Commodore 64. Kompyuta nyingi za nyumbani wakati ule zilitosheka na milio ya honi. Yannes, mpenzi wa sintesaiza, aliipa yake sauti tatu, kila sauti na mawimbi manne ya kuchagua, na filta ya analogi ya kuyachuja. Commodore ilifilisika mwaka 1994, na 6581 mpya hazitoki tena kiwandani. Iliyoko mezani kwako imekula chumvi nyingi. Usipoitikiwa marahaba papo hapo, vumilia.

Tena haikunyamaza kwa kuharibika; imezaliwa hivyo. Ukiianzisha upya kwa kushusha pini ya 5, rejista zake zinarudi sifuri, ikiwemo ya 24 inayoshika volyumu. Isipoandikiwa neno, SID haisemi neno. Laiti vipaza sauti vya mikutano yetu vingeundwa hivyo.

Kutoka hapo njia za kunyamaza ni tele. Masafa yakiwa sifuri, kimya. Ukichagua wimbi la mraba ukasahau kulipa upana, kimya. Biti ya majaribio ikiachwa imewashwa, kimya. Pini ya 7 ikifungwa kwenye volti 5, chipu inadhani unaisoma, hivyo kila ukiiandikia nayo inajibu. Mnasema wote kwa pamoja na hakuna anayesikilizwa. Ndoa ngapi zimedumu kwa mpango huo!

Tazama na uadilifu wake. Chombo kinachovuma humtaja mkosaji mara moja: waya wa ardhi, au kapasita ya umeme. Chombo bubu hakisengenyi. Kinawatuhumu wote sawasawa, kwa hiyo mwenye nacho hana budi kuwatembelea wote, mita mkononi. Pini ya 25 inataka volti 5. Ya 28 inataka 12, ila kwa mdogo wake, 8580, inataka 9, na ukimpa 12 unaweza kumnyamazisha jumla. Pini ya 6 ndipo yanapoingia mapigo ya saa, kama milioni moja kwa sekunde, na hapo mita ya kawaida hufanya jambo la kupendeza: kwa kuwa haiwezi kuyafuata, inatoa wastani. Ikisoma kama volti mbili na nusu, saa inatembea. Ikisoma 5 kamili, au sifuri, saa imesimama. Halafu weka kidole mgongoni mwa chipu. 6581 nzima hupata joto. Iliyo baridi kabisa huenda haijaonja umeme, na inayokuunguza imeshiba kupita kiasi.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni kutunza siri. Rejista 25 za kwanza zinaandikwa tu, hazisomeki. Ukitaka kujua kama maneno yako yamefika, hupati jibu. Dirisha lipo, nalo ni dogo: rejista ya 27, inayoonyesha wimbi la sauti ya tatu limefika wapi. Ipe sauti hiyo masafa, chagua wimbi la msumeno, kisha isome rejista mfululizo. Namba zikibadilika, chipu inaimba moyoni. Volti 5 zipo, saa ipo, maneno yamefika. Volti za pini ya 28 nazo zikiwepo, huenda wimbo unapotelea njiani baada ya pini ya 27, ambako kuna rezista ya kilo-omu moja ya kwenda ardhini, kapasita, na jeki ambayo pengine imechomewa kinyume. (Rejista ya 27 na pini ya 27 hazina undugu wowote. Aliyepanga namba alitaka tu kutuchangamsha.)

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hawakuwahi kumiliki 6581. Ikipona haijui kunyamaza: noti inaisha, uvumi na mchakacho vinaendelea kuvuja chinichini usiku kucha. Anayetaka 6581 iliyo kimya kweli hana budi kuitafuta iliyo mbovu.

Na soko linamhudumia. Kwa kuwa chipu hizi hazitengenezwi tena, zinauzwa nyingine zilizokwanguliwa mgongo na kupigwa chapa ya 6581, ilhali ndani mna kitu kingine chenye miguu 28 vilevile. Pitisha kitambaa chenye asetoni, huenda ukaona maandishi yakifutika na kuhamia kwenye kitambaa. Hiyo haitalia hata uisomee dua. Nampongeza muuzaji: ndiye mfanyabiashara pekee ninayemjua ambaye bidhaa yake haiwezi kuharibika zaidi.

Kuhusu majirani sina haja ya kusema mengi. Nani amewahi kushtakiwa kwa mjumbe wa nyumba kumi kwa sababu ya kinanda bubu? Mtoto mchanga analala, adhana inasikika, na mwenye nyumba hapati kisingizio cha kupandisha kodi. Ambaye bado hajaridhika na neema zote hizo aandike 15 kwenye rejista ya 24, 17 kwenye ya 1, 240 kwenye ya 6, kisha 33 kwenye ya 4. Ila afunge madirisha kwanza.