Sifa za Printa, Mwenye Mji

Washairi wetu wameshasifu bahari, mama, lugha na jahazi. Wengine walikwenda mbali zaidi: Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimtungia nzi sifa, na Erasmus wa Rotterdam akausifu upumbavu kwa kitabu kizima kilichochapwa mwaka 1511. Printa ya Wi-Fi haijapata hata ubeti mmoja. Imekaa juu ya kabati la sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, inakumbukwa Jumapili usiku tu, mtoto anaposema kwamba kazi ya likizo inatakiwa kesho asubuhi ikiwa kwenye karatasi. Kisha inatukanwa. Dhuluma hii imetosha. Leo nasimama kuitetea.

Tuanze na nasaba, maana sifa isiyotaja ukoo ni porojo. Nyumba ya leo pale Sinza au Kijitonyama ina vitu vingi vinavyoishi mtandaoni: simu, televisheni, laptopu, kamera ya getini. Vyote vinajiona wenyeji, kumbe ni wapangaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, California, Gary Starkweather alikuwa akitengeneza printa ya leza yenye uwezo wa kutoa karibu ukurasa mmoja kila sekunde. Wenzake nao walikuwa wakijenga kompyuta za kukaa mezani, kila mtafiti na yake, na wote walitaka kuitumia printa hiyo moja. Nyaya za siku zile zilikuwa za mwendo wa kobe, zisingeweza kuishibisha. Robert Metcalfe akapewa kazi ya kutafuta njia ya kuziunganisha kompyuta hizo na printa. Tarehe 22 Mei 1973 aliandika waraka wa kueleza wazo lake, akauita mtandao huo Ethernet, kisha yeye na David Boggs wakaujenga. Tundu la nyuma ya ruta yako, lile la kuchomeka waya, ni la ukoo huo. Wi-Fi nayo, ambayo kiwango chake cha kwanza kilitoka mwaka 1997, ni mdogo wake aliyejifunza kufanya hewani kazi ile ile.

Kwa hiyo printa haikuja kuomba hifadhi kwenye mtandao. Mtandao ulijengwa kwa ajili yake, sisi wengine tukadandia. Ikikataa kujiunga na Wi-Fi ya sebuleni, usiseme ni kaidi. Ni mzee mwenye mji, anangoja wageni wabishe hodi inavyopaswa.

Na mzee huyu hababaishwi na kasi. Ruta za siku hizi hutoa masafa mawili: gigahezi 5, yanayokwenda mbio lakini yanaishiwa nguvu kwenye ukuta wa pili, na gigahezi 2.4, ya taratibu lakini yenye kupenya tofali. Printa nyingi za nyumbani husikia haya ya 2.4 peke yake. Simu hukimbilia 5, programu ya simu inataka kuiunga printa kwenye masafa hayo hayo, printa imetulia tuli, na vijana wanatangaza kwamba imekufa. Haijafa. Imeitwa kwa sauti isiyoisikia. Ruta nyingine huyapa masafa yote mawili jina moja, kwa hiyo wakati mwingine inabidi mtu aingie kwenye mipangilio ya ruta na kuyatenganisha kwanza. Nyumba ambayo kwa miaka yote ilijua Wi-Fi ina hali mbili tu, ipo au haipo, usiku huo inabishana kuhusu gigahezi. Hakuna mwalimu wa fizikia aliyewahi kupata darasa lenye hamu kama hilo.

Halafu kuna malezi ya subira. Nenosiri la ruta limebandikwa chini ya ruta kwa herufi za ukubwa wa punje ya ulezi, na hakuna mwenye hakika kama ile ya tano ni sifuri au O. Printa ina kioo cha mistari miwili, vishale na kitufe kimoja cha OK. Unatafuta herufi: a, b, c, d, mpaka t. Bonyeza OK. Sasa herufi kubwa, ambazo zinaanza baada ya z. Sasa alama ya reli, ambayo imejificha mwisho kabisa baada ya namba zote, na ukiipita kwa bahati mbaya unazunguka tena alfabeti nzima. Mtu aliyemaliza kuandika nenosiri la herufi kumi na sita kwa vishale, akaambiwa si sahihi, akaanza upya bila kupandisha sauti, huyo mpe uenyekiti wa mtaa.

Kwa wasio na subira hiyo, kuna kitufe cha WPS. Unabonyeza kwenye ruta, kisha una dakika mbili za kubonyeza na kwenye printa, mlango ukiwa wazi bila nenosiri. Ruta iko chumbani kwa baba, printa iko sebuleni. Nimeona familia ambazo hazijawahi kufanya mazoezi ya viungo zikikimbia koridoni kwa afya njema kabisa. Na printa nyingine, hasa za zamani kidogo, hudai kwanza zichomekwe waya wa USB ndipo zikubali kufundishwa kuishi bila waya. Waya huo mara nyingi haumo ndani ya boksi. Mzee anataka heshima ya kuletewa.

Fadhila yake kubwa zaidi huonekana umeme ukikatika na kurudi. Ruta ndiyo inayogawa anwani ndani ya nyumba, zile ambazo mara nyingi huanza na 192.168, na inazigawa kwa mkopo. Ikizima na kuwaka, pengine inagawa upya. Jana printa ilikuwa namba 5. Leo 5 imepewa televisheni na printa imehamia 9. Laptopu haina habari, inaendelea kubisha pale pale pa jana, haijibiwi, na inaandika kwamba printa haipo hewani. Printa ipo, imewaka, wino umejaa, trei ina karatasi. Imehamishwa kiti bila kuulizwa, nayo haina tabia ya kulalamika.

Ukitaka kujua iko wapi, bonyeza kitufe chake cha taarifa. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda. Printa ile ile iliyogoma kutoa barua ya kuomba kazi, yenye mistari kumi tu, inaguna kidogo, inavuta karatasi na kutoa ukurasa safi kama wa kiwandani: jina la mtandao, nguvu ya mawimbi, anwani ya leo, tarakimu za utambulisho wake zikitenganishwa kwa nukta mbili. Kila herufi imekolea, hakuna hata mchirizi mmoja. Haikushindwa kuchapisha. Ilikuwa inachagua la kusema, na ikaona wasifu wake ndio wa kwanza.

Wala haisahau ahadi. Wakati wote wa mgomo, baba alituma barua ile, mama akaituma, mtoto akaituma kwa simu, kisha baba akaituma tena kwa hasira. Zote zimekaa kwenye foleni ya laptopu na simu. Muunganisho ukipatikana, saa tano usiku, watu wote wamelala, printa inaamka na kulipa madeni yake yote, nakala baada ya nakala, mpaka trei inabaki tupu.

Wapo watakaosema hizi ni sifa za kejeli, hebu tuone faida ya kweli. Haya. Karibu mwaka 1980, maabara ya akili mnemba ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa printa ya leza ya Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama, na watu wanangoja mezani kazi ambayo haitoki. Richard Stallman alikuwa ameshairekebisha programu ya printa ya zamani ili iwaambie watumiaji pale karatasi inapokwama. Ya mpya ilikuja bila msimbo wake. Alimfuata mtafiti wa Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akanyimwa, kwa sababu yule alikuwa ameahidi kutunza siri. Hasira ile haikuisha. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatoka leseni yake ya programu huria. Linux ilikuja kutolewa kwa leseni hiyo, na ndani ya kila simu ya Android kuna kiini cha Linux. Simu inayoidharau printa leo ina deni kwa karatasi iliyokwama zamani.

Na tusisahau uchumi wa mtaa. Printa ya nyumbani ndiyo mlezi mkuu wa steshenari. Kama ingekuwa tiifu, yule dada mwenye mashine ya fotokopi, aliyeandika namba yake ya WhatsApp ukutani kwa rangi nyekundu, angefunga biashara. Badala yake kila siku anapokea wateja wenye printa nzima nyumbani, wameshika flashi, wamenuna. Anachomeka, anauliza kurasa ngapi, anatoa. Printa yake imeunganishwa kwa waya.

Sasa ombi langu kwako, msomaji. Usimweke mwenye mji kwenye chumba cha wageni: mtandao wa wageni wa ruta kwa kawaida hutenganisha vifaa, na simu ikiita hakuna jibu litakaloipata. Yatenganishe majina ya masafa, uipe printa lile la 2.4. Ingia kwenye ruta uitengee printa anwani yake ya kudumu, ili umeme ukirudi ikute kiti chake pale pale. Nunua waya wa USB uuweke kwenye droo. Nenosiri lako liwe refu, lakini lisiwe na alama ambazo wewe mwenyewe huwezi kuzitafuta kwa vishale. Hayo yote ni kazi ya jioni moja, na yanamaliza ugomvi mwingi kuliko kuzima na kuwasha.

Ila kama barua inatakiwa leo, wahi steshenari kabla haijafungwa.