Viti Vilivuka, Mtoto Akabaki

Mwaka 2020 Uganda ilipoanza kutumia mtaala mpya wa sekondari, Kiswahili kilifanywa somo la lazima katika madarasa mawili ya mwanzo. Julai 2022 baraza la mawaziri la nchi hiyo likaidhinisha kiwe lugha rasmi. Walimu wa kukifundisha walikuwa wachache, na sisi wa Kagera tuko mlangoni kwao. Ndivyo mkataba wa shule moja ya Masaka ulivyonifikia Kamachumu, wilayani Muleba, na nyumba yetu ikaanza kufunga mizigo.

Nyumba yetu ina watu hawa: mimi, mume wangu ambaye ni seremala, watoto wetu wawili, na binti wa marehemu dada yangu niliyemchukua hajaota meno. Mama mkwe anaishi hatua chache kutoka mlangoni, katika kibanja hicho hicho, na binti huyo hulala kwake nusu ya juma. Ukimuuliza mtu wa Kamachumu nina watoto wangapi, atakwambia watatu.

Tulikodi Canter. Magodoro yakapanda kwanza, yakafuata masufuria, madumu, meza na kabati la vyombo. Mume wangu akapakia benchi lake la kazi, randa, misumeno na viti sita vipya alivyokusudia kuviuza Masaka ili apate kodi ya fremu. Mama mkwe akaja na miche ya migomba, nyoya na nshakala, ameizungushia majani makavu na kuifunga kwa kamba. Alisema hatakubali wajukuu zake wale ndizi za kununua maisha yao yote. Kisha naye akapanda, atusindikize hadi mpakani.

Tulishuka Muhutwe, tukapita Kemondo, tukalala Bukoba kwa ndugu wa Kashai. Kutoka hapo hadi Mutukula ni kilomita 80 hivi za lami. Tulipofika daraja la Kyaka mama mkwe alimwomba dereva apunguze mwendo. Yeye alizaliwa upande ule wa mto Kagera, na mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia na daraja likabomolewa, alikuwa msichana. Aliwasimulia wajukuu jinsi mama yake alivyokimbia na watoto wake pamoja na wawili wa jirani, akawalea mpaka vita vilipoisha mwaka uliofuata. Hao wawili hadi leo humwita dada.

Mutukula ina kituo cha pamoja cha forodha, kilichofunguliwa na marais Magufuli na Museveni Novemba 2017. Maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja. Unatoka huku na kuingia kule bila kupanga foleni mara mbili. Nilikuwa na bahasha yangu: mkataba, kibali cha kazi, vyeti vya kitaaluma, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, pasi za kusafiria za wote watano na kadi za chanjo ya homa ya manjano.

Shida ya kwanza ilikuwa migomba. Mkaguzi wa mimea aliuliza cheti cha afya ya mimea, na hatukuwa nacho. Mume wangu akaanza kumbembeleza. Mama mkwe akamkatiza. Ugonjwa wa mnyauko ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa Kagera. Hauna dawa, na mche wenye ugonjwa au panga lililokata mgomba mgonjwa hutosha kuupeleka shamba jingine. Yeye alikwisha kung'oa na kufukia nusu ya kibanja chake. "Mwanangu, mwache afanye kazi yake," alisema, akaiteremsha miche kwa mikono yake mwenyewe.

Shida ya pili ilikuwa viti. Vyombo ambavyo familia inayohama imevitumia nyumbani husamehewa ushuru, lakini viti vile vilinukia vanishi bado, na ofisa akavihesabu kuwa bidhaa. Hilo halikuchukua muda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa wafanyabiashara wadogo, kwa mzigo wa bidhaa zilizokubaliwa usiozidi dola 2,000 za Marekani. Kinajazwa pale pale mpakani, kwenye karatasi moja. Mume wangu alijaza, kikagongwa muhuri, viti vikawa halali kuingia Uganda.

Kisha tukafika dirisha la uhamiaji.

Ofisa alizipanga pasi zetu mezani, akavisoma vyeti vya kuzaliwa kimoja kimoja. "Mwalimu, huyu binti si wako," akasema. Nikamjibu ni mtoto wa dada yangu, na nikamwonyesha cheti cha kifo cha mama yake. Akauliza baba. Baba yake aliondoka kwenda visiwani kuvua samaki binti akiwa bado mchanga, na hatujapata habari zake. Akauliza ridhaa ya ukoo wa baba, barua ya ustawi wa jamii, amri ya mahakama. Sikuwa na hata moja, wala aliyetuandalia makaratasi ya safari hakuwa ametaja lolote kati ya hayo.

Ofisa yule alitenda haki. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, na watoto wanaovushwa kwenda kutumikishwa huvushwa hivyo hivyo, wameshikwa mkono na mtu anayejiita mama mdogo. Ningekuwa upande wa pili wa dirisha lile, ningetaka kila msichana wa umri wake aulizwe amefuatana na nani. Lakini mimi nilikuwa upande huu, na msichana mwenyewe alikuwa akisikia kila neno.

Tulibaki pale hadi jua likaanza kushuka. Dereva alitaka kuondoka, na siku yangu ya kuripoti kazini ilikuwa imekaribia. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. "Nipeni mtoto. Mwalimu, nenda kazini kwako. Huyu tutakuja naye." Binti alishuka na begi lake, akauliza kama sare ya shule mpya arudi nayo au tutangulie nayo. Nikamwambia tutangulie nayo.

Kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko safari yenyewe. Shule yake ya Muleba ilikwisha kumwandikia uhamisho, ikabidi mama mkwe aende kumwombea nafasi upya. Mume wangu aliacha fremu ya Masaka imefungwa, akarudi Nshamba kumtafuta baba mkubwa wa binti. Kwetu Buhaya mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na mzee yule alihofu kwamba akitia saini atakuwa amemtoa mtoto kwa ukoo mwingine na nchi nyingine kwa pamoja. Kikao cha ukoo kilikaa. Mama mkwe alizungumza, akaahidi kwamba binti atabaki na jina la ukoo wake na atarudi likizo kuwasalimu wazee. Mzee akakubali mbele ya mtendaji wa kijiji. Ofisa ustawi wa jamii alikuja nyumbani, akaona kitanda cha binti na madaftari yake, akazungumza naye peke yake, akaandika taarifa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu ndugu anayemlea mtoto kuomba mahakamani haki ya kukaa naye, na tuliomba. Muhula wa pili wa shule za Uganda ulipoanza, binti alivuka Mutukula kwa mguu wake, karatasi zote mkononi.

Nimeyaandika haya kwa sababu nyumba kama yetu ni nyingi mno Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa katika mkoa huu mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilijaza nyumba za mashangazi, mama wadogo na mabibi watoto ambao hakuna hakimu aliyewakabidhi kwa mtu. Walikabidhiwa msibani, mbele ya wazee, na wakalelewa. Ulezi huo ndio uliouokoa mkoa, na hadi leo sehemu kubwa yake haina hata karatasi moja.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009, ikaanza kutumika Julai 2010. Inampa mfanyakazi haki ya kufuatana na mwenza na mtoto, na ni jambo jema ambalo wazazi wetu hawakuwa nalo. Ila kila jina lazima lithibitishwe kwa cheti, na cheti cha kuzaliwa hakijui aliyelea. Jumuiya iliona mama mwenye gunia la maharage hawezi kufuata taratibu za meli ya kontena, ikamtengenezea karatasi moja ya mpakani. Mtoto anastahili uangalifu mkubwa zaidi ya gunia, na hivyo uchunguzi ubaki: ustawi wa jamii wafike nyumbani, ukoo usikilizwe, mtoto aulizwe mwenyewe. Lakini uchunguzi huo uishie kwenye cheti kimoja cha ulezi, kitolewe wilayani, kitambulike Mutukula, Rusumo, Namanga na kila mpaka wa nchi wanachama.

Mpaka siku hiyo, nawaambia walimu, wauguzi na mafundi wanaoitwa ng'ambo ya mpaka: kabla hujauliza bei ya gari la mizigo, mpeleke mtoto unayemlea ofisi ya ustawi wa jamii. Sufuria hununuliwa popote. Na wanaotunga kanuni za Jumuiya nawaomba waje Muleba, waingie nyumba yoyote saa ya chakula cha jioni, waulize ni nani kati ya wale watoto alizaliwa humo na nani aliletwa. Watoto wenyewe watachelewa kujibu, na kanuni itungwe kwa ajili ya nyumba hiyo.