Diski Zisizopewa Talaka

Baba Watoto hanunui kipya ikiwa cha mtumba kipo. Friji letu lilitoka kwa mgeni aliyehama Masaki, meza ya chakula ilitoka hotelini, na pikipiki yake ilishabadilishwa rangi kabla hawajajuana. Kwa hiyo simu za nyumba nzima zilipojaa video za sendofu na kicheni pati, hadi yangu ikawa haipokei hata picha ya risiti, nilijua dawa itatoka Kariakoo.

Jumamosi jioni akaingia na kiroba. Ndani mna diski nne za terabaiti nne nne. Tatu zilikuwa za aina moja, lebo moja, hata vumbi lao moja. Ya nne aliongezewa kwa bei ya kutupa. Muuzaji alimhakikishia kwamba zimetolewa kwenye mtambo wa ofisi na hazina kitu. Tena alimwonyesha kwa macho: alizichomeka kwenye kompyuta ya dukani yenye Windows, ikasema diski hazijaandaliwa. Nami sidhani kama mtu yule alidanganya. Windows haisomi mpangilio wa Linux. Ikikutana nao, inaona kiwanja kitupu.

Shemeji, mdogo wake Baba Watoto, anasomea kompyuta chuoni. Alikuja Jumapili kula na kufunga diski. Ya nne ilimgomea papo hapo.

"Kaka, hii ni SAS."

"Si diski?"

"Ni diski, ila haiingii huku."

Diski za SATA, zilizozoeleka majumbani, zina pengo dogo kati ya meno ya umeme na meno ya data. Kwenye SAS pengo hilo limezibwa makusudi. SATA huingia kwenye tundu la SAS, lakini SAS haiingii kwenye tundu la SATA, hata ukisukuma kwa hasira kama alivyosukuma Baba Watoto. Risiti ilishasema: mali ikiuzwa hairudishwi. Mama mkwe wangu, ambaye nyumbani sote tunamwita Bibi, aliipima uzito mkononi, akaenda nayo jikoni. Mpaka leo inakandamiza mfuniko wa chungu cha achari, na kazi hiyo inaiweza.

Zile tatu ziliingia bila ubishi kwenye kompyuta ya mezani ya zamani, ambayo Shemeji aliiwekea Linux. Baba Watoto akaagiza zifomatiwe. Kompyuta ikakataa: kifaa kinatumika. Kinatumiwa na nani, na ndio kwanza kimetoka kwenye kiroba? Shemeji akaandika maneno mawili matatu, kikatokea kitu kinachoitwa md127, kimejiwasha chenyewe na kuzikumbatia diski zote tatu. Mbele yake kulikuwa na alama hizi: [UUU_]. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, akauliza kama tulisema bismillahi kabla ya kuchomeka.

Shemeji akapata nafasi ya kutoa mhadhara aliokuwa akiutafutia wasikilizaji. Mwaka 1988, alisema, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika makala kupendekeza diski nyingi za bei rahisi ziunganishwe zifanye kazi ya diski moja kubwa ya bei ghali. Wakauita mpango huo RAID. Baba Watoto akatikisa kichwa kwa heshima. Aliwatambua wenzake katika ubahili. Katika RAID ya aina ya 5, data hukatwa vipande na kugawiwa, na pamoja na vipande huandikwa hesabu inayovijumlisha, kila diski ikiishika kwa zamu. Ukijua jumla na namba zilizobaki, namba iliyopotea unaipata. Ndiyo maana diski moja ikifa, zilizobaki bado zinajua kila kitu.

Na kila diski ina sehemu ndogo iliyoandikwa jina la kundi lake, idadi ya wanakundi, na nafasi yake mwenyewe. Kompyuta ilipoziamsha, ikasoma kwamba kundi ni la diski nne. Ikamsubiri wa nne kidogo. Alipokosekana, ikaendelea na watatu. Herufi U ni aliyehudhuria. Kistari ni asiyekuwepo.

"Basi bado zimeoana," akasema Bibi. "Mmeleta nyumbani wake za watu wasiopewa talaka."

Hakuna aliyepata neno bora, wala mimi sijalipata.

Baba Watoto akataka kujua mna nini. Shemeji akafungua kwa kusoma tu, bila kuandika. Wala haikuwa ofisi. Ilikuwa studio ya video za harusi: mafolda kwa mamia, kila moja na majina ya bwana na bibi harusi na tarehe. Nikasema tufunge, hizi ni harusi za watu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nilimtajia Baba Watoto kwa jina lake lote. Jambo lenyewe si geni: mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT, Marekani, walichapisha utafiti wa diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika, na ndani yake walikuta maelfu ya namba za kadi za benki. Lakini Bibi alishaweka ungo chini na kuvuta kiti.

"Fungua hiyo moja tu," akasema, "tuone mapambo."

Yakafunguliwa mapambo. Ukumbi wa dhahabu na nyeupe, maharusi wanaingia kwa mwendo wa pole, kamera inapanda kutoka kwenye viatu. Ilipofika usoni mwa bwana harusi, Bibi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu si mume wa mpwa wangu wa Tanga?"

Ni yeye. Ambaye tarehe ile, kwa habari tulizokuwa nazo sote, alikuwa Mwanza kikazi.

Sijawahi kumwona Baba Watoto akifanya kazi kwa kasi namna ile. Kundi likasimamishwa, chapa ya RAID ikafutwa kwenye kila diski. Shemeji akaeleza kwamba hapo umefuta undugu wao tu, video zenyewe bado zimelala humo. Ukitaka zitoke lazima uandike sifuri toka mwanzo hadi mwisho, na kwa terabaiti nne hiyo ni kazi ya saa nane hivi. Akaamriwa aandike sifuri. Usiku wa manane umeme ukakatika, uliporudi wakaanza upya, na uniti za luku zikaondoka huku nikizitazama.

Baada ya kufuta, ndipo wakakumbuka kupima afya, jambo ambalo mimi ningelifanya kabla ya kutoa hela. Zilishatembea zaidi ya saa 43,000 kila moja, karibu miaka mitano bila kuzimwa, na moja ilishaanza kuhamisha sekta mbovu. Hiyo ikatengwa. Mbili zilizobaki zikafungwa upya kwa RAID ya aina ya 1, kila moja nakala ya mwenziwe, na video zetu zimo humo.

Asubuhi Baba Watoto alimwambia mama yake, kwa adabu zote, kwamba mambo yamefutika na hakuna tena cha kuonyesha.

"Vizuri, mwanangu," akasema Bibi. Kisha akanigeukia mimi, akaniomba nimnunulie vocha, ana simu ndefu ya kupiga Tanga.