Safu ya Nne ya Daftari

Mwaka 1973 TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, marehemu baba, aliyekuwa karani wa serikali Dar es Salaam, aliacha kupaka rangi nyumba yetu ya Temeke. Mtu anayehama, alisema, hatii pesa ukutani. Akangoja barua ya uhamisho mpaka akastaafu. Nyumba ikapauka, watoto tukakua, na kopo la rangi alilokuwa amekwisha kulinunua likageuka jiwe uvunguni mwa kitanda. Kwa hiyo Julai 2016, Rais Magufuli aliposimama Dodoma na kutangaza kwamba safari hii serikali inahama kweli, mimi nilikwenda dukani kununua rangi.

Septemba ya mwaka huohuo Waziri Mkuu Majaliwa akahamia. Wizara zikaanza kufunga mafaili. Mama watoto ni mtumishi wa wizara mojawapo, naye akaletewa barua yake wakati ukuta wetu ndio kwanza unapendeza.

Yeye hakuwa na la kupima. Mtumishi akipangiwa kituo anakwenda. Wa kupima nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Kwanza tulijaribu kuishi kwa masufuria mawili, yeye na watoto Dodoma, mimi Dar. Kila mwisho wa mwezi tulikuta tumelipia umeme mara mbili, gesi mara mbili, na nauli ya basi la kutwa nzima kwa baba anayetaka kuona kama wanawe wamerefuka. Nikachukua daftari, nikapiga mistari, nikaandika juu: gharama, kazi, hali ya hewa.

Safu ya kazi ndiyo iliyonitoa jasho. Watu hudhani fundi wa viyoyozi analishwa na joto. Joto humfanya mteja anunue mashine, basi. Anayeiharibu ni bahari. Upepo wa Bahari ya Hindi una chumvi, na chumvi hiyo hula mabomba na mapezi ya ile mashine ya nje kidogo kidogo, mpaka gesi ipate pa kutokea. Mtu wa Upanga akinipigia simu kwamba kiyoyozi chake kinapuliza upepo wa feni, mimi humpa pole kwa sauti na kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Sasa Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko kilomita 450 hivi kwa barabara. Chumvi haifiki. Kinachofika ni vumbi, na vumbi huziba chujio tu: unalitoa, unalisuuza, unapewa hela ya soda. Juni na Julai usiku halijoto hushuka mpaka nyuzi 13 au 14, na hapo kumshawishi mtu akifanyie kiyoyozi chake sevisi ni kama kumuuzia samaki mwavuli. Kwenye safu ya kazi, upande wa Dodoma, niliandika maneno mawili: Oktoba, Novemba. Ndiyo miezi ya joto, kabla mvua za Desemba hazijaingia.

Nikaomba ushauri. Mama mkwe akasema, "Baba, huko watu wanajifunika blanketi, wewe utakula nini?" Nikaliandika. Shemeji, ambaye kila shauri huliangalia kwa jicho la kiu yake, akasema Dodoma kuna mabucha, kuna baa, na Bunge likikaa kuna wabunge. "Bia moto haina mkoa," akanikumbusha. Hilo nalo nikaliandika, tena kwa wino mwekundu. Kwa upande wa gharama, nyumba ya Temeke tungeipangisha (mpangaji wa kwanza aliyekuja kuiona alisifia rangi), mafuta ya alizeti kule yako karibu na mashamba yake, mbuzi si mnyama wa sikukuu, na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Nikajumlisha. Dodoma ikashinda kwa kichwa.

Nilipokwenda kututafutia nyumba ya kukaa sote, dalali wa Dodoma alinipokea kwa furaha ambayo sijawahi kuipata hata kwa ndugu zangu. Siku zile kila nyumba yenye bati ilikuwa "nyumba ya mtumishi", na mwenye nyumba akisikia mkeo yuko wizarani, kodi hupanda bila yeye kuinuka kitini. Alinipeleka kwenye nyumba iliyo "dakika tano tu kutoka lami", na ni kweli, ni dakika tano kwa bodaboda asiye na mke wala watoto. Tukaingia jikoni. Akafungua bomba kwa madaha. Bomba likakohoa, likatoa vumbi kidogo, likanyamaza.

"Maji yapo," akasema dalali bila kupepesa. "Leo si siku yake."

Kodi ya miezi sita taslimu, na mwezi wa saba ni wake dalali. Hela hiyo haikuwamo daftarini. Maji yalipotoka, siku yake ilipofika, ndipo nilipojua chumvi imekwenda wapi: imehama hewani, iko kisimani. Unapaka sabuni, unasugua, povu linakataa. Birika letu, ambalo Dar lilidumu miaka likiwa jipya, likajenga ukoko mweupe kwa ndani. Mama watoto akalalamika. Mimi nilisimama pale jikoni nikiukwangua ule ukoko kwa kijiko, moyo ukinidunda kwa matumaini. Maana mahali penye baridi watu huweka hita za maji ya kuoga, na hita iliyojaa ukoko huo huunguza elementi yake. Mpaka leo, Juni ikiingia, simu yangu hailali. Wanaume wazima, wenye vitambi na vyeo, hunipigia alfajiri wakiwa na povu kidogo walilolihangaikia kichwani, wakiniuliza niko wapi.

Hali ya hewa niliidharau. Niliandika "baridi" nikadhani nimemaliza. Kumbe kilichotusumbua zaidi ni ukavu. Kitanda chetu cha mninga kilitengenezwa na fundi wa Keko, na Dar kilikuwa kimetulia kama kilivyo, mbao zimevimba kwa unyevu, viungo vimebana. Kilipokaa Dodoma kiangazi kimoja, mbao zikanywea na viungo vikalegea. Ukigeuka ubavu, kinalia. Ukikohoa, kinaitikia. Ukuta wetu wa chumbani ni mmoja na wa jirani, mama wa Kigogo mwenye adabu zake, aliyevumilia wiki baada ya wiki. Asubuhi moja akamsalimia mke wangu, wakaulizana hali za watoto, wakasifu hali ya mahindi, kisha akasema kwa upole, "Dada, mume wangu ana nyundo. Mkiihitaji, msione haya."

Mke wangu alirudi ndani akiwa hawezi kusema. Mimi niliazima nyundo hiyohiyo, nikapigilia kitanda mchana kweupe, madirisha wazi, ili mtaa mzima usikie kwamba ni seremala.

Midomo ilipasuka. Droo za kabati, ambazo Dar zilifunguka kwa kuvutwa na watu wawili, sasa zilitoka zenyewe usiku. Na mafuta ya nazi! Mama mkwe alitutumia chupa ya mafuta aliyoyapika mwenyewe. Kufika Juni yakaganda meupe tii, shingo ya chupa nyembamba, kidole hakipiti. Watoto wakapaukia shuleni huku mafuta wanayaona. Ikabidi tuwe tunaianika chupa juani kila asubuhi pamoja na nguo, na bibi alipopiga simu kuuliza kama mafuta yamefaa, mdogo wetu akamjibu, "Bado hayajaamka."

Lakini haya yote yana tiba. Blanketi linauzwa, gundi ya mbao inauzwa. Lililoniangusha ni safu ambayo sikuipiga mstari kabisa, safu ya nne: ndugu.

Dar tulikuwa nyumba moja kati ya nyumba nyingi za ukoo, na mgeni akija aligawanywa. Dodoma tulikuwa peke yetu, na serikali yote imetuhamia jirani. Mwenye mafao yaliyokwama, mwalimu anayetaka uhamisho, binamu mwenye mgogoro wa kiwanja, wote walikuwa na neno moja: "Nakuja kufuatilia." Ukishasikia hilo, tia maji ya pili kwenye maharage. Nyumba za wageni hupandisha bei Bunge likiwa linakaa, na ndugu zetu, kwa hekima yao, husafiri wakati huohuo, kwa sababu ndiyo miezi ambayo hakuna anayeweza kuwaambia wakalale kwingine. Baba mdogo, mwalimu mstaafu, alikuja kwa siku mbili. Faili lake, aliambiwa, liko mezani. Kisha liko meza ya pili. Alikaa mpaka akajua majina ya mbuzi wa jirani, na ile nyundo akawa anaiazima yeye.

Umbali ulikuwa ukitulinda kidogo. Basi la Dar lilichosha, na mtu alihesabu mara mbili kabla ya kupanda. Kisha mwaka 2024 treni ya SGR ikafika Dodoma: nauli ya kuanzia shilingi 31,000, mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Nchi ilishangilia, na mimi nilishangilia, kwa kuwa sikufikiria kwamba reli hupitisha watu wa pande zote mbili. Siku hizi ndugu anaweza kutoka Temeke kwa chai akala nasi mchana. Na harusi za Dar haziusikii tena udhuru wetu. Zamani nilituma mchango na samahani, sasa natakiwa nitume mchango kisha nipande treni na suti mkononi.

Tumebaki. Hita zinalipa, na watoto wanazungumza kama watu wa huku. Basi ndugu zangu mnaosoma haya, na nyinyi ambao bado hamjagundua kuwa ni ndugu zangu, karibuni. Wizara ziko Mtumba, mashariki mwa mji, na daladala zinafika, si lazima niwapeleke. Anayekuja Juni aje na blanketi lake. Nazi na samaki wa Feri hatukatai hata siku moja. Na anayekuja kufuatilia faili aje na nakala ya barua yake, kwa sababu baba mdogo aliisahau Temeke, na amesema anarudi nayo Jumatatu.