Ombi la Singida Kupatiwa Treni Inayoweza Kuchelewa

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Reli Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA MKOA WA SINGIDA KUPATIWA TRENI INAYOWEZA KUCHELEWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii inaanza kwa pongezi, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi ya barua za aina hii, na pia kwa kuwa pongezi zenyewe zinastahili. Reli ya kisasa, ile ijulikanayo kwa kifupi kama SGR, ambayo nafasi kati ya chuma na chuma ni milimita 1,435 badala ya 1,000 za reli ya zamani, imekwisha kuingia katika Mkoa wa Singida kupitia kipande chake cha pili, kinachoanzia Morogoro na kukomea Makutupora wilayani Manyoni, zaidi ya kilomita 530 kutoka Dar es Salaam. Umbali huo unaizidi kidogo njia ya Tokyo hadi Osaka, yenye kilomita 515, ambayo Japani iliifungua tarehe 1 Oktoba 1964 kuwa reli ya kwanza ya mwendo kasi duniani, wakati Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulikuwa na umri wa miezi mitano. Kwa mujibu wa ramani, basi, Makutupora ndiyo Osaka ya Tanzania, na tofauti zilizobaki kati ya sehemu hizo mbili ni za utekelezaji tu.

Kubwa miongoni mwa tofauti hizo ni treni. Huduma ya abiria iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024 inaishia Dodoma, na chuma kinaendelea peke yake kupitia Bahi hadi Makutupora. Hali hiyo ina faida ya kitakwimu ambayo Shirika, kwa unyenyekevu wake, halijaitangaza. Kampuni ya Central Japan Railway, inayoendesha njia ya Tokyo na Osaka, hutoa kila mwaka wastani wa ucheleweshaji, yaani jumla ya muda wote uliopotea ikigawanywa kwa idadi ya treni zilizosafiri, na katika miaka mingi wastani huo umekuwa chini ya dakika moja, zikihesabiwa humo hata siku za vimbunga na theluji. Makutupora, muda uliopotezwa na treni za SGR ni sifuri kamili. (Reli ya zamani, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, haihesabiwi hapa, kwa kuwa ina uzoefu wa kutosha wa kuchelewa.) Ni kweli kwamba idadi ya treni nayo ni sifuri, na wanahisabati hawakubali sifuri igawanywe kwa sifuri, lakini kwa kuwa taarifa za utekelezaji huandikwa na maofisa, wala si wanahisabati, hakuna kinachozuia rekodi hiyo kudaiwa.

Maandalizi mengine yamekamilika. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ilipopanga nauli za SGR kituo kwa kituo mwaka 2024, safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma katika daraja la kawaida iliwekewa Sh 31,000, na ya Makutupora Sh 37,000. Mkazi wa Manyoni anaijua bei ya tiketi ambayo hakuna dirisha linalomuuzia, na anao muda wa kutosha wa kudunduliza hiyo Sh 6,000 ya nyongeza.

Wapo wanaodhani kwamba siri ya Wajapani imo katika umbo la treni. Dhana hiyo inaeleweka, hasa tangu Novemba 2024, ilipoanza kazi treni iliyotengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini, ambayo wananchi wanaijua kwa jina la Mchongoko kutokana na ncha zake. Kitaalamu sifa yake kubwa haionekani kwa macho: haivutwi na kichwa kimoja, bali mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa, kama zilivyogawanywa katika treni za Japani tangu 1964, kwa hiyo huchanganya mwendo upesi, hufunga breki upesi, na hugeuza safari bila kuhamisha kichwa. Hata hivyo, treni huagizwa Korea ikashushwa bandarini, ratiba haiagizwi.

Ratiba, kwa wataalamu wake, ni zaidi ya jedwali la saa linalobandikwa ukutani. Ni mchoro ambao mstari wake wa mlalo ni saa, wa wima ni vituo kwa kufuata umbali, na kila treni ni mstari wa mshazari, ulio mkali ikiwa treni inakwenda kasi na uliolala ikiwa inajikokota. Wajapani huuchora kwa vipimo vya sekunde 15, na katika saa zenye abiria wengi treni zaidi ya kumi huondoka Tokyo kuelekea Osaka ndani ya saa moja. Wanaweza hivyo kwa sababu wana njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, kwa sababu reli hiyo haikatizwi na barabara popote, na kwa sababu kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hakuna treni ya abiria inayopita, ili mafundi wawe na reli na nyaya peke yao. SGR ya Tanzania ni ya njia moja. Ndiyo maana kipande cha Morogoro hadi Makutupora hutajwa kuwa cha kilomita 422 ilhali urefu wa njia kuu ni kilomita 336: zile 86 zilizobaki ni njia za pembeni, ambamo treni moja hujibanza ili nyingine ipite. Katika njia moja, mistari miwili inayotoka pande mbili haiwezi kukutana popote ila mahali pa kupishania, hivyo treni inayopanda kutoka Dar es Salaam ikichelewa dakika ishirini, inayoshuka kutoka Dodoma hulipa deni ambalo haikulikopa, na inayoifuata hulipa riba. Kwa maneno mengine, nchi yenye njia moja inahitaji ratiba kali kuliko Japani, wala si legevu zaidi.

Kuhusu lile umbo la treni, suala la ndege linahitaji aya yake. Katika miaka ya 1990 mhandisi Mjapani Eiji Nakatsu, aliyekuwa mpenzi wa kutazama ndege, aliiga mdomo wa mdiria, ndege mvuvi anayezama majini bila kuyarusha, ili kupunguza mlipuko wa sauti unaotokea treni ya kasi kubwa inapochomoka handakini. Akaiga pia manyoya ya bundi, ambaye huruka kimyakimya, katika kile kikono cha juu ya behewa kinachopokea umeme kutoka kwenye waya. Treni iliyotokana na kazi hiyo ilianza safari mwaka 1997 kwa kilomita 300 kwa saa. Tanzania nayo imeshirikisha bundi. Mwishoni mwa Julai 2024 treni ya SGR ilisimama njiani kwa kukosa umeme, na Shirika likaueleza umma kwamba hitilafu hiyo ilisababishwa na wanyama, bundi na ngedere wakiwa miongoni mwao. Kwa hiyo ndege yuleyule, ambaye Waswahili tangu zamani humwogopa kwa kuleta nuksi, Japani alikaa kwenye meza ya wahandisi na huku amekaa kwenye taarifa kwa vyombo vya habari. Barua hii inashauri kwamba bundi wa Bahi na Saranda waelimishwe mapema, kabla treni haijawafikia.

Singida nayo inapaswa kujiandaa. Treni ya mwendo kasi ikimaliza safari Tokyo, wasafishaji hupewa dakika saba za kuokota taka, kufuta meza na kugeuza viti vielekee iendako. Mtihani wa dakika saba wa Singida utakuwa mwingine, na kila aliyewahi kusimama stendi ya Misuna anaufahamu: tenga la fito lililojaa kuku wa kienyeji, vichwa vikichungulia kwenye matundu, na juu yake dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti lililozibwa kwa kipande cha nailoni chini ya kifuniko. Kulipandisha tenga hilo hakuchukui muda. Kinachochukua muda ni kuafikiana bei ya mzigo, na mazungumzo hayo hayana kipimo cha sekunde 15. Mchora ratiba atakayeyasahau ataiona mistari yake yote ikipinda hapo.

Kwa ajili ya ukamilifu wa historia, inafaa kutajwa pia kwamba gharama za njia ya Tokyo na Osaka zilipokaribia mara mbili ya makadirio, Shinji Sogō, rais wa shirika la reli la Japani, na Hideo Shima, mhandisi wake mkuu, waliachia nafasi zao mwaka 1963, mwaka mmoja kabla ya treni kuanza. Barua hii haipendekezi utaratibu huo.

Kinachoombwa ni kidogo. Katika mchoro wa ratiba uongezwe mstari mmoja unaovuka Dodoma na kugusa Makutupora, hata kama ni mara moja kwa siku, na treni hiyo iruhusiwe kuchelewa kama wenzake. Kipande cha tatu, cha Makutupora hadi Tabora, ambacho mkataba wake ulisainiwa Desemba 2021, kipangiwe tarehe ambayo mtu wa Itigi anaweza kuiandika kwenye kalenda ya ukutani. Tawi la reli ya zamani la Manyoni hadi mjini Singida liunganishwe na ratiba hiyo, kwa kuzingatia kwamba wakazi wa huko wana historia yao: tawi la enzi za Waingereza, la kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, liling'olewa katika miaka ya 1940, na waliolisubiri lirudi walipima ucheleweshaji kwa miongo.

Nakala: Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ili ieleze kama nauli ya Sh 37,000 imekwisha kuanza kutumika, na kama imeanza, abiria apandie wapi.