Kitunguu Kimoja, Vyombo Saba

Nyumbani kwangu kitunguu kimoja kikikatwa, vinaoshwa vyombo saba. Nitavitaja, maana nimeshavizoea kimoja kimoja: bakuli, kifuniko, kile kisukumio cha kusindilia karoti kwenye shimo la kifuniko, kisu chenye mabawa mawili, mhimili unaokibeba kisu, sahani ya kukwangulia, na kimwiko cha plastiki cha kukombea yaliyoganda pembeni. Kitunguu chenyewe kimeshaingia kwenye mafuta, kimeshageuka rangi, mchuzi umeshanukia hadi kwa jirani, na mimi bado nimeinamia sinki nachokonoa ganda lililojibanza ndani ya mhimili. Nachokonolea njiti ya kibiriti. Boksini walituwekea kila kitu isipokuwa kifaa cha kuoshea.

Hiyo ndiyo fudi prosesa, ndugu zangu mnaoiona Kariakoo inameremeta dukani, boksi lake lina picha ya mama wa Kizungu anaichekea karoti. Yule mama anacheka kwa sababu mpiga picha aliondoka kabla ya kuosha.

Mama watoto aliinunua kwa mgao wa kikoba. Fedha ya kikoba, kama mnavyojua, haina mjadala. Mume anaarifiwa tu, tena akiwa na bahati. Siku ileile tukafikia makubaliano ya nyumba. Aliyafikia yeye, mimi nikajulishwa: mashine itakata, mimi nitaosha. Nikauliza mantiki yake. Nikaambiwa kwamba kabla ya mashine mimi nilikuwa sikati kitu, kwa hiyo teknolojia imeniletea ajira.

Tuanze na uwashaji. Blenda ya kawaida ni kiumbe mnyoofu: unachomeka, unabonyeza, inasaga. Hii ya kwetu haiwaki mpaka ijiridhishe. Bakuli unalizungusha mpaka lilie “ka!” Kifuniko nacho unakizungusha mpaka kilie “ka!” Ukisikia “ka” moja tu, hata ukibonyeza kwa magoti, kimya. Sababu yake naijua na siipingi. Pembeni mwa kifuniko kuna ulimi mdogo wa plastiki, na ndani ya kiwiliwili cha mashine kuna swichi inayosubiri kubonyezwa na ulimi huo. Bila ulimi, umeme haupiti, kwa kuwa kisu kile kinazunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika na hakijui kutofautisha karoti na kidole. Ni busara kabisa. Kinachoniudhi ni kwamba ulimi wenye jukumu zito hivyo umetengenezwa kwa plastiki nyembamba kuliko ya kijiko cha aiskrimu, halafu umewekwa kwenye nyumba ambayo kila mtu ana nadharia yake ya kufunga kifuniko. Dada anakipiga kiganja. Kijana wangu wa mwisho anakizungusha kinyume kwanza, eti “kukitoa mkosi.” Mama watoto anakitazama tu, nacho kinajifunga chenyewe kwa woga.

Ulimi ukavunjika. Nikaibeba mashine, nikaipakata kwenye daladala, watu wananiangalia nilivyokumbatia bakuli, nikaenda kwa waliotuuzia. Kijana wa dukani akakigeuzageuza kifuniko, akasema, “Mzee, kifuniko peke yake hakiji. Labda uchukue mashine nyingine.” Nikamwambia mashine ni nzima, iliyovunjika ni plastiki ya ukubwa wa ukucha. Akaniangalia kwa huruma, akasema na hiyo mpya inakuja na kifuniko chake. Nikaenda kwa fundi wa mtaani. Huyu hakutaka hata kusikiliza historia. Akachungulia lile tundu la swichi, akachomeka kipande cha kalamu ya biki, mashine ikanguruma hapohapo bila kifuniko, kisu kinazunguka hewani mbele ya pua yangu. “Imepona, bosi,” akasema, kwa fahari. Nikamwambia achomoe kalamu yake. Basi akabandika ulimi wa bandia kwa gundi na kipande cha chupa ya mafuta ya kula, na ulimi huo wa kienyeji mpaka leo unafanya kazi kuliko wa kiwandani. Sijui nimshukuru au nimshitaki.

Tena kelele. Ikiwaka, inanguruma kama bajaji iliyopakia ukoo mzima kupanda kilima. Mtoto mchanga wa jirani anaamka, mbwa wa upande wa pili anajibu, na mpangaji wa uani ananyoosha shingo dirishani kuuliza leo tuna mgeni gani. Zamani ulikuwa unaweza kula pilau yako kwa siri.

Chini ya mashine kuna kibandiko. Kinasema isizungushwe mfululizo zaidi ya dakika moja, kisha ipumzishwe, mota isipate moto. Nilikisoma mara mbili. Mashine ina mapumziko yaliyoandikwa na mtengenezaji. Tafuta kibandiko cha namna hiyo mgongoni kwangu.

Halafu kuna suala la LUKU. Uniti zikikata usiku, shemeji yangu anayeishi kwetu, kijana anayesubiri ajira, anatoa hukumu akiwa bado gizani: “Ni ile mashine.” Hapo ndipo ninapolazimika, mimi ambaye siipendi, kusimama kuwa wakili wake. Imeandikwa pale ubavuni kwamba ina wati 800. Ikisaga vitunguu kwa dakika moja na nusu imekula uniti 0.02. Birika la umeme la wati 2,000, analochemshia yeye maji ya kuoga eti kifua kinambana, likikaa dakika 6 limekula uniti 0.2, yaani mara kumi ya vitunguu. Nilimpigia hesabu hiyo kwenye karatasi, nikimulikia kwa simu. Akaitazama, akasema wati za jikoni na wati za bafuni hazifanani. Nikanunua umeme mwingine, nikaingiza tarakimu zote 20, tukalala.

Lakini aibu kubwa aliileta mama mkwe, alipokuja kutoka Tanga na mbuzi yake ya kukunia nazi ikiwa imefungwa kwenye kanga. Siku hiyo palitakiwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mimi, kwa kutaka kumwonyesha mzazi kwamba binti yake hajaolewa porini, nikasema nazi leo itashughulikiwa na mashine. Akakaa kwenye mbuzi yake, akapasua nazi kwa kisogo cha panga, akaanza: kwaru, kwaru, kwaru. Mimi huku nikapasua ya kwangu. Sasa mashine haijui kifuu. Inataka nyama ya nazi iliyobanduliwa, na kubandua nazi mbichi kwenye kifuu kwa ncha ya kisu ni kazi ya wafungwa. Ukishabandua, umenye lile ganda la kahawia, la sivyo nazi itatoka na madoa. Ukishamenya, ukate vipande vidogo. Mama mkwe alikuwa ameshamaliza nazi ya pili, nazi yake iliyokunwa nyeupe, laini, imejaa ungo, na ameshaanza kukamua tui la kwanza.

“Mwanangu,” akaniuliza kwa upole, “mashine yako inasubiri nini?”

“Inasubiri nimalize kuibandulia, mama.”

Akaendelea kukamua kidogo. “Basi mashine ni wewe.”

Sikupata jibu. Nilipata malengelenge.

Viazi ndiyo usiviguse kabisa. Ijumaa moja shemeji alitaka kusaidia kutengeneza katlesi, akavitia viazi vilivyochemka ndani ya bakuli, akabonyeza. Kisu kinachozunguka kwa kasi ile kinapasua wanga wote ulio ndani ya kiazi, na wanga ukishatoka hauombi radhi. Alichokitoa mle kilikuwa kinavutika. Ukiinua kijiko, bakuli linafuata. Mama watoto alikichungulia, akasema wenye kuezeka paa wangekinunua. Kiazi cha katlesi kinapondwa kwa mwiko, taratibu, na mtu mwenye subira. Shemeji subira anayo kwa mambo ya ajira tu.

Kachumbari nayo ni vita. Nyanya inageuka juisi kabla hujatoa kidole. Kitunguu, usipobonyeza kwa kugusagusa, kinatoka nusu uji na nusu mapande, na uji wake una uchungu. Na kisamvu, ambacho kinu kinakiponda sawasawa mpaka ile sumu ya majani ya muhogo inapata njia ya kutoka kikichemshwa, mle ndani kinaacha nyuzi zinazojisokota kwenye mhimili, na mhimili, kama nilivyosema, ni idara yangu.

Lakini sitaki mseme nina chuki. Ipe mashine hii kunde zilizolowekwa usiku kucha, zikakoshwa na kutolewa maganda, uone. Bagia za mtaa mzima zinasagika kabla kikaango hakijapata moto. Ipe karanga za kukaanga: kwanza zinakuwa unga, halafu zinashikana donge na wewe unakata tamaa, halafu ghafla mafuta yake yanatoka na donge linalegea kuwa siagi safi kabisa. Karoti kilo tano za pilau, kabichi mbili kubwa, tangawizi ya kufanyia biashara, vyote inavipitia bila kuhema. Hapo inaimba. Ni kitunguu kimoja cha mchuzi wa watu sita ndicho kinachoidhalilisha, nayo kwa hasira inatudhalilisha sisi.

Na sababu yake iko kwenye nasaba. Mashine hii haikuzaliwa jikoni kwa mtu. Mfaransa Pierre Verdun, aliyekuwa akiwauzia wenye migahawa vifaa vya upishi, aliona jinsi wapishi wanavyopoteza muda kwa kukata, kukwangua na kusaga, na katika miaka ya 1960 kampuni ya Robot-Coupe ikaleta lile bakuli lenye kisu kinachozunguka chini. Baadaye ndipo ikapunguzwa mwili iingie majumbani. Mwaka 1973 Carl Sontheimer, mhandisi wa Marekani, aliipeleka ya kwake kwenye maonyesho ya vifaa vya nyumbani ya Chicago kwa jina la Cuisinart. Sasa fikirieni wenyewe. Mgahawani vitunguu vinaingia kwa gunia, na pembeni amesimama mtu aliyeajiriwa kuosha vyombo, analipwa mwisho wa mwezi. Wakaipunguza mashine, wakapunguza bakuli, wakapunguza bei. Yule mwoshaji hawakumpunguza wala hawakumleta. Alibaki Ufaransa, na nafasi yake nikapewa mimi.

Mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, aliandika kitabu kizima mwaka 1983 kueleza kwamba vifaa vya kurahisisha kazi za nyumbani havikumpumzisha mama wa nyumbani. Vilimwongezea tu viwango vya kufikia. Angepita kwangu nimwonyeshe ukurasa wa nyongeza. Kabla ya mashine, futari yetu ilikuwa uji, tambi na muhogo, tukashukuru. Baada ya mashine, “kwa kuwa ipo,” zimeingia katlesi, kababu za nyama iliyosagwa nyumbani, bagia za kunde, bagia za dengu, chatine ya nazi, na kachumbari ya rangi tatu. Kwa kuwa ipo, wanaalikwa watu. Kwa kuwa watu wamealikwa, inabidi itumike. Mashine ya wingi imeingia kwenye nyumba ya uchache, na nyumba ndiyo iliyolazimika kunenepa. Mama watoto ukimuuliza atakwambia kazi imepungua sana. Ni kweli. Imemshuka yeye ikatua sinki.

Na pale sinki msinione najilaza. Kile kisu chenye mabawa mawili ukikizamisha kwenye maji yenye povu kinapotea kabisa, hukioni mpaka kikuone. Sasa nimeweka amri: kisu hakilowekwi. Kinaoshwa peke yake, chini ya maji yanayotiririka, kwa brashi, mtoto akiwa mbali. Ndiyo amri yangu pekee inayoheshimiwa nyumbani, na inaheshimiwa kwa sababu inanihusu mimi mwenyewe.

Habari ya mashine, bila shaka, imeshavuka ukuta. Kwanza alikuja jirani kuazima “dakika mbili tu,” ikarudi jioni inanuka kitunguu swaumu mpaka kwenye waya. Sasa mtaani kuna harusi, na kamati imekaa. Nililetewa orodha ya michango kwenye simu. Fulani, laki moja. Fulani, mbuzi mmoja. Fulani, viti na turubai. Nikatafuta jina langu nikiwa nimeandaa elfu hamsini yangu kwa moyo safi. Limeandikwa: “Mashine, pamoja na mwenyewe wa kufunga kifuniko. Vitunguu gunia moja na nusu, karoti gunia moja. Afike saa kumi na moja alfajiri.”

Nikampigia mwenyekiti wa kamati, nikamwambia nimekubali, ila naomba nijue nani ataosha. Akanyamaza kidogo, nikasikia anawauliza wenzake. Akarudi kwenye simu, akasema, “Kaka, hilo halikuwa kwenye ajenda. Ila njoo na njiti zako.”