Fadhila za Mkanda wa Feni

Wafalme wamekwisha sifiwa, na mashujaa kadhalika, na wino uliomwagwa kwa ajili yao ni mwingi hata hapana aliyebaki na haja ya kuongezewa. Lakini katika Bonde la Ufa, baina ya Naivasha na Molo, kiko kitu kimoja dhalili, cheusi, chenye harufu ya mpira na mafuta, ambacho kila mwenye gari kuukuu amekilaani na hakuna hata mmoja aliyekifanyia insafu. Kitu hicho ni mkanda wa feni. Wala si mkanda wowote, bali ule uliokatika, ambao mwenzake wa kushika mahali pake hutafutwa duka baada ya duka mjini Nakuru, na kila muuzaji huapa kwamba ulikuwapo jana. Nimekusudia kuutetea, na kuthibitisha kwamba katika vyombo vyote alivyojitengenezea binadamu ni vichache vilivyo na adili, elimu na ukarimu mfano wake.

Desturi ya sifa ni kuanza na nasaba, nami siihalifu. Mzazi mmoja wa mkanda ni mpira, wa pili ni uzi uliofumwa, na ukoo wao ni wa watumishi tangu zamani, maana kabla yao viwanda viliendeshwa kwa kamba na mikanda bapa ya ngozi, iliyokuwa na tabia ya kuteleza. Mwaka 1917, huko Denver, Marekani, John Gates akatengeneza mkanda wa mpira wenye umbo la kabari, mpana juu na mwembamba chini, ambao hukaa ndani ya mfereji wa puli na kuushika kwa mbavu zake mbili, si kwa tumbo. Hapo pana adabu kubwa kwa wenye vyeo: mkanda ukikazwa pande zote mbili hufanya kazi, lakini siku tumbo lake litakapolala chini ya mfereji, ama kwa uchakavu ama kwa wembamba wa kuzaliwa nao, huteleza, hupiga kelele, na kazi husimama. Asubuhi ya baridi kule Molo sauti hiyo husikika mtaa mzima, na majirani hujua kwamba fulani anakwenda sokoni na kwamba hajanunua mkanda mpya.

Ama madaraka yake, hayalingani na umbo lake hata kidogo. Ukizungushwa na puli ya injini, mkanda huzungusha pampu ya maji, feni na alternata kwa wakati mmoja; hivyo maji, upepo na umeme, mambo ambayo serikali huyagawia wizara mbalimbali zenye makatibu na madereva, mkanda huyakusanya katika kitanzi kimoja pasipo mshahara. Mji wa Nakuru uko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapo kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Na msafiri apandaye Timboroa, ambako reli yenyewe hupita juu ya mita 2,700, huyakuta yakichemka karibu na nyuzi 91. Kifuniko cha rejeta huubana mvuke na kuiahirisha balaa, lakini hakiwezi kuizungusha pampu iliyosimama. Basi mkanda ukikatika mlimani muhula ni mfupi: taa ya chaji huwaka, sindano ya joto hupanda, na mvuke hutoka chini ya boneti mbele ya abiria wote, aliyelipa nauli na aliyeahidi kulipa akifika. Wapandao kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru wana bahati zaidi, kwa kuwa kando ya njia lipo kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, walipokuwa wakiitengeneza barabara ile; nami sidhani kama yuko mhubiri awezaye kumfikisha mwenye gari mlangoni pa ibada kwa haraka kuliko mkanda uliokatika.

Wala mtu asidhani kwamba mtumishi huyu alikulia katika nyumba duni. Katika mbio za Safari za mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza, na mbele yao ilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Gari la aina hiyo likashinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968, na mdogo wake, 504, akarithi taji mwaka 1975 na 1978. Sifa hiyo iliwaingia watu moyoni, na Peugeot ndefu zenye safu tatu za viti zikawa teksi za masafa baina ya Nairobi, Nakuru na miji ya magharibi, zikisifiwa kwa mwendo na kuogopwa kwa sababu hiyo hiyo, mpaka matatu za Nissan na Toyota zilipoziondoa njiani. Zilizosalia leo ni wazee wa kuheshimiwa: hubeba viazi vya Molo na maziwa ya Njoro, na humlazimisha mwenyewe kuzijua kwa ndani.

Hapa ndipo elimu ya mkanda inapoanza. Gari lililoishi miaka arobaini halibaki jinsi lilivyotoka kiwandani. Alternata yake ya asili ilikwisha kufa na mahali pake pamewekwa ya Toyota, puli imetoka katika gari lililopinduka, na pampu imepita mikononi mwa fundi wa jua kali asiyependa maswali. Kwa hiyo muuzaji anapouliza, “Ni gari gani, mzee, la mwaka gani?” mteja hujibu kweli tupu, na kweli hiyo haimfai kitu, maana anayeulizwa ni gari la kwenye logibuku na anayehitaji mkanda ni gari lililoko nje. Mkanda wa zamani nao si shahidi wa kuaminika: maandishi yake yamefutwa na mafuta, umevutika kwa miaka mingi kupita urefu wake, na mbavu zake zimelika, hivyo aupimaye na kununua mfano wake hununua uzee.

Mtafutaji hulazimika basi kuwa mwanafunzi. Hujifunza kwamba 10x950 ni upana wa juu wa milimita 10 na urefu wa milimita 950. Kwamba mkanda wa A una upana wa milimita 13, na namba inayofuata herufi huhesabu inchi za urefu wa ndani, ilhali mtengenezaji mwingine huuhesabu urefu wa nje, na baina ya hesabu hizo mbili kuna kiasi cha inchi 2 za majuto. Kwamba ule wa B, wa milimita 17, ni wa kinu cha posho, na akiulazimisha katika puli ya gari lake utakaa juu ya mfereji na kuchungulia bila kuingia. Na kwamba 6PK1750 ni mkanda bapa wa magari ya kisasa, wenye mbavu 6 na urefu wa milimita 1,750, usiomhusu hata akiuonea tamaa. Hujifunza kuisukuma alternata karibu na injini, akaacha nafasi kidogo, akapitisha uzi usiovutika ndani ya mifereji ya puli zote na kuupima. Wako watu waliomaliza shule wakiichukia hesabu ya duara, na mkanda umewarudisha darasani wakiwa na mvi, tena kando ya barabara ya Salgaa, malori yakiwapitia kwa kishindo.

Lakini fadhila iliyo kuu kuliko zote ni uadilifu. Sisi ni watu wa “itaingia tu”. Abiria aliyezidi katika matatu ataingia tu. Jina lililosahauliwa katika orodha litaingia tu. Jengo lililosogea hatua mbili katika njia ya umma litaingia tu, maadamu mwenyewe anajuana na mtu. Muuzaji wa vipuri naye huunyosha mkanda mikononi, huutazama kwa mapenzi, akasema, “Itaingia tu, mzee,” na mteja, ambaye jua linamchwea, hutamani kuamini. Mkanda haujui kujuana. Wa 975 haukubali kuwa wa 950 kwa kuwa muuzaji ni shemeji yako, wala kwa kuwa umekwisha lipa, wala kwa kuwa kesho ni harusi. Rehema pekee iliyowekwa ni ule mwanya wa mkono wa alternata, ambao husogezwa ili mkanda ukazwe mpaka kidole gumba kiubonyeze katikati kiasi cha sentimita moja. Na mwanya huo una mwisho. Ukilegeza, alternata huvivia. Ukikaza kupita kiasi, beringi ya pampu hulipa. Mahakama za namna hii, zisizochelewesha kesi na zisizopokea bahasha, ni haba.

Tena mkanda huunganisha jamaa. Katika bonde ambalo kila majira ya uchaguzi watu huulizana babu zao walitoka wapi, mwenye mkanda mkononi haulizwi ila upana na urefu. Mkulima wa Njoro humpeleka kwa mwenye kinu, mwenye kinu kwa dereva mstaafu wa teksi za zamani, dereva kwa Mhindi mzee ambaye maboksi ya juu katika duka lake hayajafunguliwa tangu Nakuru haijawa jiji. Na wote humpa ushauri bure, ambao, ingawa aghalabu si sahihi, hutolewa kwa moyo safi.

Mpinzani atasema kwamba zipo dawa nyingine: soksi ndefu ya nailoni iliyofungwa fundo, kamba ya mkonge ya Mogotio, kipande cha tyubu. Sikatai kwamba zimewahi kuwafikisha watu karakana iliyo karibu, kwa mwendo wa upole na kwa dua. Lakini fundo hupigwa na puli kila mzunguko, na soksi haikuapishwa kwa kazi hiyo. Kukaimu si kutawala.

Hukumu yangu ni kwamba mkanda usiopatikana ni mwalimu, kadhi na msuluhishi, na gharama yake ni ndogo kuliko karo ya shule. Ewe mwenye gari kuukuu, siku utakapoupata unaoingia barabara, nunua miwili, uandike namba yake kwa rangi chini ya boneti, na wa pili uuweke chini ya kiti. Na ukimsikia aliye mbele yako dukani akiambiwa “itaingia tu”, mshike mkono umwambie apime kwanza.